Hedifoni Nne na Sikio la Kushoto

3 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limekuachia na unatembea bila kuegemea ukuta. Sisi tu wazima. Mke wangu anakusalimu. Amepangiwa zamu za asubuhi kule maabara, kwa hiyo siku hizi tunapishana mlangoni kama wapangaji. Binti yetu amepoteza meno mawili ya mbele na amegoma kucheka hadharani. Baba nilimtembelea mwezi uliopita. Ananung'unika kwamba dada yake hapokei simu zake, na kwamba kama amekukosea ungemwambia. Nilimweleza kuwa wewe na simu hamjawahi kupatana, lakini hakuridhika.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Katoni uliyoletewa kutoka ofisi ya vifurushi ina hedifoni nne. Lile duka ninaloliandikia jarida limeziingiza kwa ajili ya wasikilizaji wanaojiita wajuzi, watu ambao huuliza kwanza waya umetengenezwa kwa madini gani ndipo waulize muziki uko wapi. Tajiri wetu anataka nizilinganishe: ipi ina sauti bora, na ipi inastahili bei yake. Nimezilaza juu ya mito zikipiga muziki peke yake kwa saa mia mbili ili zilainike, kama utaratibu unavyodai, kisha nimezisikiliza wiki tatu. Maoni yangu ninayo. Napenda tu na wewe uzisikilize, uniandikie kila unachokisikia, kwa urefu, bila haraka. Si kwamba sina uhakika.

Kazini kwema. Karani anayekaa kushoto kwangu ameanza kuninong'oneza. Nadhani umaarufu wangu unamtisha. Na bado nagombana na wale wa zile ndogo za kuchomeka ndani ya sikio, nilizozipima mwezi wa kumi na moja. Kwenye kasha wameandika sponji sita za akiba za kuvisha ncha, mimi nimezikuta tano. Nimewaandikia barua kali.

Ni mimi mwanao,
Sikio la Dhahabu (ndivyo wasomaji wanavyoniita, sikujiita mwenyewe)


19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti linaendelea kunitangazia mvua kabla ya redio. Tangi la maji limezibwa, paka wa jirani amezaa kwenye kabati langu la nyaya, na mpangaji wangu wa chumba cha mbele, fundi cherehani tunayemwita Mama Pindo, amepata kazi ya sare za shule nzima, kwa hiyo nyumba inatetemeka toka asubuhi. Mwambie baba yako sina kinyongo naye. Simu inaibana sauti ya mtu mpaka ndugu yako wa damu anakuwa kama mnadi wa vitu chakavu. Barua inatosha.

Katoni imefika salama. Majina ya hedifoni zako ni namba tupu, kama za wafungwa, kwa hiyo nimezibatiza. Ile ya mbao na matundu, inayokaa ndani ya sanduku lenye kitambaa cha hariri, ni Mfalme. Nyeupe ya ngozi laini ni Bibi Harusi. Nyeusi yenye skrubu nje ni Mhandisi. Na ile ya plastiki, ambayo nadhani mmeitia humo ili nyingine zionekane za maana, ni Kibarua. Aina hiyo ndiyo tuliyokuwa nayo studio. Tulikuwa tukiikalia kwa bahati mbaya, tunainyoosha, tunaendelea na taarifa ya habari.

Nikueleze jinsi nilivyofanya, maana bila njia maoni ni porojo tu. Katika miaka yangu thelathini na mmoja nyuma ya kioo cha studio tulikuwa na desturi moja: anayepima hajui anachokipima. Macho yakishaona hariri, masikio yanaona haya kuisema vibaya. Kwa hiyo nilimwomba Mama Pindo ashone vifuniko vinne vya kitambaa kimoja, akazivalisha mwenyewe. Kisha nikamkalisha kwenye kiti, nikawa namvika kwa nyuma moja baada ya nyingine, nimezichanganya, mikono yake iko mapajani ili asizipime uzito. Bei hazijui. Nilimpigia rekodi yangu ya zamani ya msomaji wa habari, ile niliyoitunza kwa sababu ni safi. Haya ndiyo aliyoyasema, nami nayaafiki:

Kuhusu Mfalme alisema, "Huyu dada anasoma ndani ya ukumbi uliotoka kupigwa deki. Pazuri, lakini hakuna pa kukaa."

Kuhusu Bibi Harusi: "Kila neno limepakwa mafuta. Nitateleza."

Kuhusu Mhandisi aliivua kabla sijamaliza. "Kama mteja anayenihesabia mishono!"

Alipofika kwa Kibarua aliuliza, "Mbona hamkuniambia kuwa huyu dada ana mafua?"

Siku ile msomaji alikuwa na mafua kweli; mimi ndiye niliyemchemshia maji. Mfalme alimtibu, Bibi Harusi akamficha, Mhandisi akamgeuza kuwa bati. Kibarua peke yake alimleta kama alivyokuwa. Na kwa bei ya Mfalme mmoja ungemvika Kibarua kila mtu wa mtaa huu, pamoja na kuku wao.

Katoni nakurudishia, pamoja na rekodi hiyo niliyokunakilia kwenye flashi. Ndani yake msomaji anafunua karatasi mara tatu. Niambie ni hedifoni ipi inayozileta karatasi hizo vizuri zaidi. Hicho ndicho kipimo changu cha siku zote.

Shangazi yako


14 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Pole na paka. Sisi tunaendelea vizuri, ila mke wangu analalamika kwamba nawasha redio kwa sauti ya kuita majirani. Binti amecheka jana, kwa bahati mbaya, akajifunika mdomo.

Makala imetoka! Nakuambatishia ukurasa wenyewe. Utaona nimefaidika na barua yako hapa na pale. Nimempa Mfalme taji. Niliandika hivi: "Hii si hedifoni, ni ukumbi uliotoka kupigwa deki. Hakuna pa kukaa, kwa maana msikilizaji wake hatakiwi kukaa, anatakiwa kusimama kwa heshima. Nyuma ya kila noti kuna kimya cheusi, kimya cha gharama, ambacho hedifoni za kawaida hazijawahi kukiota." Kuhusu Bibi Harusi nimesema maneno yake yana mafuta. Kuhusu Kibarua nimesema kwa upole kwamba ni ya bei nafuu na ina mafua.

Barua za wasomaji zimejaa meza nzima. Mmoja ameandika kwamba tangu asome habari ya kimya cheusi hawezi tena kuvumilia kimya cha nyumbani kwake.

Jambo kubwa ni hili. Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa sita Tajiri ameandaa Siku ya Kusikiliza. Nitakaa mbele ya wateja, nitafungwa kitambaa machoni, nitavishwa hizi nne kwa zamu, raundi tatu, nami nitazitaja. Nikizipatia, nitakuwa mshauri mkuu wa duka, na jina langu litaandikwa mlangoni. Nikizikosa, Tajiri amesema huku akicheka kwamba hatakuwa na haja tena na sikio la dhahabu lililopakwa rangi. Alicheka yeye peke yake.

Kuhusu rekodi yako: nimeisikiliza kwa zote nne. Samahani, Shangazi, umehesabu vibaya. Karatasi inafunuliwa mara moja tu. Hizo mbili nyingine nadhani ziko kwenye kumbukumbu zako.

Mwanao


28 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mtoto mwache na mapengo yake, yatajiziba.

Makala nimemsomea Mama Pindo akiwa anapiga pasi. Nilipofika kwenye ukumbi wa deki aliinua kichwa. Nilipofika kwenye mafuta aliweka pasi chini. Nilipofika kwa Kibarua alisimama. "Dada, mimi nilisema msomaji ana mafua! Nimesema hedifoni ina mafua? Plastiki inaugua?" Nikamwomba akusamehe. "Sina ugomvi," akasema, "ila mwambie mwanao akiiba nguo asiivae ndani nje."

Nami nakuambia hivyo hivyo. Nilikuandikia kwamba Kibarua ndiyo iliyosema ukweli, wewe ukachukua maneno ukaacha maana. Lakini hilo tutalijadili siku nyingine, maana kuna jambo linalonishughulisha zaidi.

Karatasi zinafunuliwa mara tatu. Mama Pindo amezihesabu tena leo, kwa vidole. Sitakuambia bado ninachokifikiria. Fanya kitu kimoja. Chukua Kibarua, uivae kinyume: upande wenye herufi ya kushoto uuweke kwenye sikio la kulia, na wa kulia kwenye la kushoto. Piga rekodi ile ile, kwa sauti ile ile. Kisha niandikie namba moja tu, umesikia karatasi mara ngapi.

Shangazi yako


9 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Huku jua kali. Mke wangu amebadilishiwa zamu tena. Binti ameota jino moja, tumepiga picha. Baba amepaka nyumba rangi ya kijani, anasema ni kwa ajili ya macho.

Nilitaka kukueleza habari za waya. Watu wengi hawajui kwamba waya wa hedifoni una upande wa kuingilia na upande wa kutokea, na ukiuchomeka kinyume sauti inapanda mlima badala ya kushuka. Duka limeingiza waya mmoja wa fedha uliosukwa kwa mkono, na fundi aliyeusuka inasemekana hafanyi kazi siku zenye upepo. Nimeusikiliza siku nne. Besi imepata adabu. Nafasi kati ya ala imekuwa kama uwanja. Mteja mmoja alilia, ingawa sina hakika kama ni kwa sababu ya sauti au ya bei. Pia kuna vigingi vidogo vya mbao vya kuuinua waya usiguse meza, kwa sababu meza, inasemekana, ina tabia ya kunyonya hisia. Nimeviweka kumi na viwili. Vya mninga ni vizuri kwa kwaya.

Lile jaribio lako sijapata nafasi.

Mwanao


20 Aprili

Mwanangu,

Umeniandikia kurasa tatu za waya, na hakuna namba hata moja.

Nilipokuwa kazini, fundi akinijia na maelezo marefu nilijua mtambo umeungua. Aliyekuja na maelezo mafupi alikuwa amekwisha kuutengeneza. Kwa hiyo nitakueleza mimi, polepole, halafu utanijibu.

Rekodi ile tuliichukua kwa maikrofoni mbili. Karatasi za msomaji zilikuwa kushoto kwake. Mbili za kwanza alizifunulia huko kushoto. Ya tatu ilikuwa imeshikana na ya nne, akaisogeza kulia kuibandua, ndiyo maana yake inasikika kulia. Mchakacho wa karatasi ni sauti nyembamba sana, iko juu kabisa, na sikio likipata tatizo, sauti za huko juu ndizo za kwanza kuondoka. Besi hubaki, na mtu anaendelea kuamini kwamba anasikia kila kitu. Aliyesikia karatasi mara moja amesikia ya kulia tu. Akizigeuza hedifoni akasikia mbili, basi tatizo haliko kwenye hedifoni.

Sikudhihaki, wala sitamwambia mtu. Niambie tu. Karatasi mara ngapi?

Shangazi


2 Juni

Shangazi,

Mbili.

Nisamehe kwa kukaa kimya. Nilizigeuza siku ile ile niliyopata barua yako ya Machi. Nikazigeuza tena. Nilizigeuza mpaka mke wangu akauliza kama kuna mdudu ndani.

Kushoto kumefungwa. Nasikia kama niko chumba cha pili na mlango umerudishwa. Kile kimya cheusi nilichokiandika, kile cha gharama, kilikuwa changu mwenyewe. Ningevaa sufuria ningekisikia. Katoni nilikutumia kwa sababu nilihitaji masikio, na masikio yako ndiyo pekee ninayoyaamini. Sasa nimekwisha kusema.

Daktari siwezi kumwona. Wafanyakazi wote tunatibiwa na daktari wa duka, na karatasi zake zinapita mezani kwa Tajiri. Akiandika neno uziwi, kesho yake nitakuwa napanga makasha stoo, nikibahatika. Sijui kazi nyingine, Shangazi. Tangu nikiwa mdogo, ulipokuwa ukinikalisha nyuma ya kile kioo na kunivika hedifoni zilizonifunika mpaka mashavu, mimi ni mtu wa kusikiliza. Nikitoa hilo, kinachobaki ni suruali na mkanda.

Lakini nina mpango. Zimebaki wiki nne. Mfalme ananukia nta, Bibi Harusi ananukia kiatu kipya, Mhandisi anauma juu ya sikio, Kibarua hana uzito. Nimefanya mazoezi nikiwa nimefumba macho na sijakosea hata mara moja, na muziki umezimwa. Mke wangu alinikuta nimekaa sebuleni, hedifoni kichwani, nazinusa. Aligeuka, akarudi jikoni. Niambie kama kuna alama nyingine ninayoweza kuitumia.

Mwanao


9 Juni

Mwanangu,

Marahaba, hata kama safari hii hukuniamkia.

Kwanza nilipe ukweli wako kwa ukweli wangu. Mimi nina vifaa vya kusaidia kusikia tangu mwaka juzi, masikio yote mawili. Viko ndani ya kopo la vifungo, mezani kwa Mama Pindo, kwa sababu naona aibu kuvivaa. Fundi mitambo wa redio, miaka thelathini na mmoja, watu wanasema huyu alikuwa akisikia nzi akitua kwenye maikrofoni! Basi siku hizi nzi anatua atakavyo. Niliposema nayaafiki maneno ya Mama Pindo, sikuwa nimesikia tofauti kubwa kati ya Mfalme na feni. Karatasi tatu nazijua kwa sababu nilikuwepo zilipofunuliwa. Kwa hiyo utaona jarida lenu limekuwa likiendeshwa na nini: wewe uliazima masikio yangu, mimi nikaazima ya fundi cherehani, naye alikuwa na haraka ya kurudi kwenye sare.

Uzee wangu hauna dawa. Lakini wako si uzee, na hapa nataka utulie usome.

Hitilafu haitafutwi kwa hofu. Unaanza na siku ya mwisho mtambo ulipokuwa mzima, kisha unauliza, kilichofuata ni nini? Nimezitoa barua zako zote kwenye droo, nikazipanga kwa tarehe. Mwezi wa kumi uliniandikia kwamba unasikia mbu kwenye chumba cha pili. Mwezi wa kumi na moja ukapima zile ndogo za kuchomeka ndani ya sikio. Mwezi wa pili karani wa kushoto kwako tayari ananong'ona. Na katika barua hiyo hiyo, mwanangu, unalalamika kwamba kasha lilikuwa na sponji sita, nawe umezikuta tano.

Nilimsomea Mama Pindo sentensi hiyo. Hakuinua hata uso. "Ya sita anayo," akasema.

Usichokonoe. Nasema tena, usichokonoe, si kwa kidole, si kwa kalamu, si kwa kigingi cha mninga. Achana na daktari wa duka. Nenda hospitali, ukae kwenye foleni na watu wengine, umwone daktari wa masikio. Kama nimekosea, utakuwa umejua unachoumwa. Kuhusu kunusa hedifoni, sina alama ya kukuongezea. Ukizitaja kwa pua, watakaokuja dukani watanunua kwa kuamini sikio. Mimi sitakusaidia hapo.

Nakutumia vile vifuniko vinne. Amevifua, akatia na karafuu ndani ya kila kimoja, ili vinukie sawa. Alisema utaelewa.

Shangazi yako


4 Julai

Shangazi,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa Mama Pindo.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye taa kwenye paji la uso. Aliniuliza kazi yangu. Nikasema, nasikiliza. Akachungulia, akachungulia tena, kisha akamwita mwenzake wa chumba cha jirani aje naye aone. Kibano kiliingia, nikasikia kitu kama gunia linaburuzwa sakafuni, halafu akanionyesha: kijivu, kidogo kama punje ya mahindi.

"Kaka, hiki ni chako?"

"Nimewaandikia kiwanda barua kali," nikasema.

"Basi wape pole. Kimekaa muda gani?"

"Miezi saba."

"Na unasema kazi yako ni kusikiliza." Hakucheka. Alijitahidi sana asicheke, na nikasikia jinsi alivyokuwa akijitahidi. Pumzi ilikuwa ikimtoka puani vipande vipande. Nikasikia kola ya shati langu. Nikasikia mtu anamenya chungwa huko kwenye korido. Nilikaa kwenye benchi nusu saa, Shangazi, bila kungoja chochote. Kazini karani alinisalimu kwa sauti ya kawaida ya mtu mzima. Nimemwomba radhi, hakujua kwa ajili ya nini.

Kisha nikaketi na zile nne, ndani ya vifuniko. Mfalme ana kelele. Hakuna neno jingine. Sauti za juu zinachoma, na sponji ndiyo iliyokuwa ikimtuliza. Bibi Harusi ni mzuri kwa mtu anayetaka kulala. Mhandisi anafaa kwa ukaguzi, si kwa maisha. Na kwa Kibarua nilimsikia yule dada wa habari akivuta kamasi kidogo kabla ya jina la waziri. Ana mafua. Karatasi tatu.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Tajiri alivaa suti. Nilidai vifuniko vitumike; akasema vinazifanya hedifoni zifanane na vikapu, lakini wateja walipiga makofi, akashindwa. Raundi tatu, mara kumi na mbili, nikazitaja zote bila kosa. Tajiri akanikumbatia, akanyanyua mkono wangu kama wa bondia. "Sasa, Sikio la Dhahabu, tuambie mwenyewe, mtu anunue ipi?"

Nikasema Kibarua.

Tajiri akacheka. Nikarudia. Nikawaeleza habari ya mafua. Kisha, kwa kuwa nilikwisha kuanza, nikawaeleza na habari ya sponji, yote, pamoja na kibano. Nikasema kimya cheusi nilichowaandikia kilitoka tunduni mwa sikio langu. Nikawaambia anayetaka kurudisha Mfalme arudishe, nitasimama naye kaunta.

Nilisikia viti vikilia, kushoto na kulia. Halafu bwana mmoja wa mstari wa mbele, mwenye Mfalme wake shingoni, akanyoosha mkono.

"Hiyo sponji," akasema, "ni ya toleo gani?"

"Na wewe uliivaa kushoto tu," akaongeza mwingine. "Je, kwa masikio yote mawili kimya kinakuwa kirefu zaidi?"

Sikutunga, Shangazi. Jumatatu Tajiri hakunifukuza. Aliniita, akanimiminia chai kwa mkono wake, akaniambia ameagiza sponji hizo katoni nzima, zitauzwa pamoja na Mfalme ndani ya kisanduku cha hariri, na mimi niziandikie makala. Nikakaa nikaandika mstari mmoja, wa kweli kuliko yote niliyowahi kumwandikia: "Niliivaa miezi saba, sikusikia kitu." Nilidhani atanirushia kikombe. Aliusoma, macho yakamlegea, akaupeleka kwa mchapaji. Wameubandika dirishani kwa herufi za kimo cha mtu. Sponji zimekwisha kabla ya adhuhuri, na kuna orodha ya wanaosubiri.

Jina langu lilikuwa limeanza kuandikwa mlangoni. Nilimwomba mchoraji aishie hapo hapo. Panasomeka "Sikio la". Nimeacha kazi, nikaondoka na Kibarua mkononi na sponji ya sita ndani ya kikopo. Mke wangu ameuliza tutakula nini. Nimemwambia nitatembea na vifuniko vinne na kiti, niende kwenye shule za muziki, studio na makanisa, nao wachague kwa masikio yao, bila mimi kuandika neno. Studio moja imekwisha kuniita. Amesema afadhali, kuliko kunusa.

Mwanao
(bila dhahabu)


12 Julai

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba ya Mama Pindo. Amesema vifuniko vingine atakushonea, lakini safari hii atatia jina lake kwenye pindo, na ukiandika popote kuhusu ukumbi wa deki atakuja mwenyewe. Nilimsomea habari ya orodha ya wanaosubiri. Alitafakari mpaka akamaliza mkono mzima wa shati, kisha akauliza, "Wangewekewa pamba wangelipa ngapi?" Nikamwambia asiseme kwa sauti.

Umesema ukweli mbele ya watu waliokuwa wamelipa ili wasiusikie. Hawakuusikia, na hilo si kosa lako. Sponji ya kwako ulikuwa umekwisha kuitoa.

Sasa zamu yangu. Barua yako ya kwanza ilisema baba yako anadhani nina kinyongo naye. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko ile ya sponji. Mwaka juzi alinipigia kunieleza jambo refu, sauti yake ikawa ya huzuni, na mimi sikuambulia hata neno. Nikasema, "Sawa, sawa, vizuri sana." Akakata simu. Mpaka leo sijui nilimwambia vizuri sana kuhusu nini. Ndiyo maana sikupokea tena.

Leo nimelifungua kopo la vifungo. Kifaa cha kulia kinapiga mluzi kidogo, cha kushoto ni kizima. Nimesikia cherehani, nimesikia watoto wa paka kabatini. Kumbe ni wanne, mimi nilikuwa nikiwasikia wawili. Mwambie baba yako anipigie Jumapili, saa nne asubuhi. Asipaze sauti. Aanze na lile jambo la mwaka juzi, tangu mwanzo, na akiniona nimekawia kujibu, asikate.

Shangazi yako